Mpishi Wangu Anaitika "Abee!"

Mpendwa mshauri, niokoe kabla ya Ijumaa, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye hutoa, nimefanya kazi melini, nimelala nchi saba, shule tu ndiyo niliyotoka nayo sare, ila safari hii nimekwama.

Nina mgahawa, meza kumi na moja, na mtaa mzima hakuna kama wangu, uliza yeyote. Miaka kumi na tisa mpishi alikuwa dada yangu mkubwa. Wateja hawaagizi kwa jina la chakula, wanasema tu "nipe yangu", mimi naingiza kichwa kwenye kidirisha cha jikoni, naita, "Dada, mgeni wako wa kona kafika!" naye anajua huyu hali pilipili, yule samaki wake akauke. Magoti yakamgomea, akapumzika, nikaajiri bwana mmoja mpole aliyekuwa akipikia shule ya bweni. Ijumaa ya kwanza watu wamejaa mpaka mlangoni, mteja akauliza, "Dada yupo?" Nikaogopa watakimbia wote, nikasema yupo, nikaita, "Dada!" na mpishi mpya kwa utani akaitika kwa sauti nyembamba, "Abee!" Nilicheka nikashika ukuta. Kumbe yeye alicheka siku ile tu, na mimi nimeendelea kumwita hivyo miezi minne.

Ijumaa iliyopita mzee mmoja kaniambia, "Mwambie dada yako leo kajipita mwenyewe." Nikapeleka sifa dirishani vilevile. Mpishi akavua aproni, akaikunja, akaiweka pale kidirishani. "Bosi, mimi si dada yako. Ijumaa ukiniita hivyo tena, apike yeye." Na dada naye kanipigia simu: "Mdogo wangu, mbona nasifiwa samaki ambaye sijamgusa?" Nikisema ukweli nitapoteza wateja, nikinyamaza nitapoteza mpishi, na dada ananinunia. Nifanyeje?

*Mwenye mgahawa bora mtaani*

Jibu

Bwana wa nchi saba, nimecheka, halafu nikaona aibu kwa niaba yako.

Hao wateja unaohofia watakimbia wamekula mkono wa huyo bwana miezi minne, wakamaliza, wakarudi. Wakimbilie wapi? Umempa dada sifa asizozitaka na kumnyima mwenzake alizozitolea jasho, yote kwa neno moja. Na hata kwenye barua unamwita "mpishi mpya". Mkate gani unakaa mpya miezi minne?

Najua una moyo mzuri, mdomo tu ndio unaoutangulia. Leo hii nenda kwa dada ukaombe radhi, na usianze na hadithi za meli. Ijumaa mlete, mkalishe meza ya kona, miguu juu ya kiti kingine, ahudumiwe kama malkia. Watu wakijaa, mtoe mpishi jikoni na aproni yake, useme mbele ya wote nani kapika.

Kisha muulize dada anakula nini. Miaka kumi na tisa kajua "yangu" ya kila mtu. Wewe yake unaijua? Hujui. Akikwambia, ingiza kichwa dirishani, mwite bwana huyo kwa jina alilopewa na mama yake, umwambie mgeni wake kafika.

Akiitika "Naam!" kwa sauti yake nene, ujue umesamehewa.