Chokaa Juu ya Saruji

Malindi, Mji Mkongwe
Jumatano

Kwa Dada yangu Nassra,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Nataraji waraka huu utakukuta huko Uroa ukiwa na afya njema, na kwamba kikohozi cha mwanetu Yusra kimemwacha alale. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anasema dagaa uliomletea wamekwisha, usijifanye umesahau. Nimechagua karatasi kwa sababu simu uliikata, nami nina haja unisikilize hadi mwisho.

Unajua kwamba nilipohitimu shahada yangu ya ujenzi niliingia ukandarasi pamoja na mumeo, Wakil, tukikarabati nyumba kongwe za mjini. Nilikuwa mkaidi katika jambo moja: ukuta wa mawe nilitaka upigwe lipu ya chokaa iliyolowekwa shimoni kwa miezi, kama walivyofanya wazee, wala si saruji. Mafundi walinicheka, wakaniita Bwana Subira. Kisha siku ya Idi ukasema mbele ya mama kuwa mkono wangu ni wa kalamu, si wa mwiko, na kuwa ni hasara msomi kushinda vumbini. Wakil akadakia kwamba kampuni inahitaji tovuti, na nani aiandike kama si mimi. Niliona fahari, dada. Nikauacha ukandarasi, nikajifunza kusanifu tovuti, na ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa ya kampuni yenu.

Humo niliandika makala juu ya chokaa: jinsi inavyouacha ukuta upumue, na jinsi saruji inavyoufungia unyevu ndani hata boriti za dari zikaoza. Chini yake niliweka jina langu kamili. Bi Mwamvua wa Kiponda, shangazi yake marehemu baba, alisomewa makala hayo na mjukuu wake. Akampa Wakil nyumba yake aikarabati, kwani, alisema, hayo ni maneno ya mtoto wa kwetu.

Baada ya masika ya mwaka huu nilikwenda kuipiga picha nyumba hiyo kwa ajili ya tovuti. Bi Mwamvua alinipokea kwa kahawa na visheti, akanitania kuwa kalamu imeninenepesha. Nilipoegemea ukuta wa chumba chake cha kulala, chokaa ilibanduka begani mwangu kama ganda la kitunguu. Chini yake ilikuwa saruji tupu, inatoka jasho. Nikatazama juu: ncha za boriti zimelainika, dari imebonyea juu ya kitanda chake. Yeye alidhani ni umande tu wa lipu mpya.

Nilimwendea Wakil. Alicheka, akaniita shemeji, akasema chokaa haina haraka lakini wateja wanayo. Mimi niandike, yeye ajenge. Nilipomwambia kuwa amelitumia jina langu kuwafumba watu macho, alijibu kwa utulivu kwamba kuniondoa kazini hakukuwa shauri lake. Nimuulize dada yangu.

Nikakupigia, nikitaraji utakana. Ukaniambia kuwa ningebaki kazini na chokaa yangu ningewafungia riziki, ukakata.

Kwa hiyo sikuwa na kipaji ulichokiona, dada. Nilikuwa kizuizi.

Bi Mwamvua nimemhamishia hapa kwa mama, analala chumba changu. Makala yale nimeyafuta. Ijumaa baada ya sala nitachapisha mengine katika tovuti yangu mwenyewe, pamoja na picha za ukuta ule, jina la kampuni na jina langu, ili wengine walioniamini wakague nyumba zao kabla dari hazijawaangukia. Najua Wakil ni baba wa Yusra. Najua mtakavyotazamwa. Nimelifikiri hilo kuliko neno lolote nililowahi kuliandika.

Siombi ruhusa. Nakuarifu mapema tu, kwa kuwa mtu hustahiki kulisikia jambo zito kutoka kwa ndugu yake kabla hajalisikia kwa mwengine. Mimi lako nililisikia kwa Wakil.

Nibusie Yusra. Mama hajui bado kuwa nawe umo. Hilo nimekuachia umwambie mwenyewe.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Khatib Msabah