K4 Ni Kisima Gani?

Mwalimu Abdi,

Sopa. Najua hapo ulipo hakuna mtandao, kwa hivyo nimeandika kwa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, usianze. Niko nje ya ukuta wa makaburi yenu Waislamu hapa Kajiado. Saiba yangu ya mtandao kule Noonkopir nimeifunga leo. Kompyuta zote zinafanya kazi, hata ile uliyosema nifugie kuku.

Mwalimu, nimechefuka. Kukasirika kunaisha na chai. Hii haiishi.

Unawakumbuka watafiti wako wa chuo kikuu, wale uliokuwa ukiwafundisha kwa ukumbi wa ile hoteli Kitengela. Uliwafundisha mambo rahisi mpaka mimi niliyeachia shule kidato cha pili nikashika. Kila kipimo kikae kwa mstari wake kwenye jedwali. Kila kifupisho kiandikiwe maana yake. Kazi ikiisha iwekwe wazi, mwingine aisome, na mwenye maji aambiwe habari ya maji yake. Mimi nilikuwa fundi wako wa nyaya na projekta, mkalimani wako wa Kimaasai, na kwa sura nilikuwa namba moja humo ndani, ingawa hilo ulikataa kulikubali mpaka ukafa nalo. Wao walikuwa wanafunika skrini na mkono kama watoto wa darasa la nne kwa mtihani. Wewe unapita nyuma yao polepole, unasema, "Andika kama mtu ambaye kesho hayuko." Wanacheka. Wanaiandika vizuri kwa daftari, halafu wanauliza chai inakuja saa ngapi.

Sasa asiyekuwako ni wewe.

Siku ile ya Kisaju naikumbuka kuliko hata siku tuliyokuzika. Yule mkubwa wao, mimi humwita Daktari wa Tai kwa sababu alivaa tai hata kwa vumbi, alikuja kupima maji ya visima na kuangalia meno ya watoto. Anashika kidevu, anafungua mdomo, anaandika, anaenda kwa mwingine. Mzee mmoja akasema kwa Kimaasai, "Huyu anaangalia meno kama mnunuzi, lakini bei hasemi." Nilipokutafsiria ulicheka ukashika tumbo, maana baba yako alifungua midomo ya ng'ombe sokoni maisha yake yote. Halafu ukaacha kucheka. Ukasema, "Mzee ana haki. Kwetu ukifungua mdomo wa ng'ombe wa mtu, lazima useme kitu. Hata kama ni kusema humtaki."

Ndipo ukawaahidi kina mama wenye mitungi kwamba majibu yatasomwa hapo hapo, kisima kimoja kimoja, wajue wapi pana hiyo floraidi inayochafua meno. Mimi sihitaji kuelezwa. Meno yangu ni kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni, na nimecheka kwa mkono mdomoni tangu utotoni, sura nzuri hivi. Mama Resiato alikuuliza kuhusu msichana wake, aliyekuwa bado na meno ya utoto. Ulimwambia ukweli: "Ya mbele labda tumechelewa. Ya nyuma bado yanaumbika. Tuwahi."

Tuwahi, ulisema. Halafu ukaugua, ukaenda.

Tangu hapo kila nikipita Kisaju Mama Resiato ananiuliza, "Saruni, yule Msomali wako alisema kisima gani?" Nikafunga safari mpaka ofisi ya Daktari wa Tai. Akaniambia ningoje, jarida la ng'ambo halijachapisha. "Hiyo ni data yangu, kijana." Nikamuuliza, sasa na meno ni ya nani? Akasema ana mkutano.

Juzi wakafanya semina ya kukukumbuka, ukumbi ule ule, kwa hivyo nyaya ni mimi. Walisimama kimya kwa ajili yako. Daktari wa Tai akasema marehemu alituachia moyo wa uwazi. Mwalimu, nilikuwa na sambusa mdomoni, nikaitema kwa kitambaa cha karatasi. Huyo mtu na neno uwazi.

Wakati wa chai nikamfuata mbele ya wenzake. Nikafungua mdomo wote, mkono chini, kama ng'ombe sokoni. Nikamwambia, "Daktari, angalia vizuri. Ukimaliza useme kitu." Akaanza hadithi ya jarida. Nasieku, mwanafunzi wake, yule mrefu uliyemsifu kwa jedwali safi, akageuza kompyuta yake akasema, "Mimi nimechoka. Wacha asome."

Nikasoma. K1, K2, K3, na namba zake. Nyingine si mbaya. K4 ni balaa, hata Nasieku alishika shavu. Nikauliza, "K4 ni kisima gani?"

Daktari wa Tai akaangalia dari. Akasema, "Ni kile cha upande wa kule."

Hajui. Hawajui wote. Hakuna mahali iliandikwa K4 ni wapi. Wakampigia simu kijana aliyejaza chupa, siku hizi anasoma ng'ambo, akasema anadhani ni kile kisima kilicho karibu na mti wa mgunga. Mgunga, Mwalimu, mahali palipojaa migunga. Kisaju.

Hicho ndicho kinanitapisha. Angekuwa mwizi tu ningemuelewa. Lakini ametuzungushia miiba boma ambalo ndani yake hamna hata ndama, na alikaa kwa mafunzo yako, na cheti akachukua, na picha tukapigwa, mimi katikati.

Jioni ile Nasieku akafungua kazi zako. Kila kitu kiko wazi, mtoto anaweza kuelewa. Kila folda ina faili uliyoiita SOMA KWANZA. Mwisho wa moja umeandika: "Ukikwama muulize Saruni wa Noonkopir. Atajisifu kwanza, halafu atakusaidia." Kulikuwa na vumbi humo ndani, usifikirie kingine.

Basi tumeanza upya, mimi na Nasieku. Kila kisima tumekiandika kwa jina ambalo kina mama wanakiita, kwenye chupa na kwenye tangi lenyewe, kwa rangi nyekundu, mwandiko wangu huu huu unaoucheka. Chupa ziko maabara. Daktari wa Tai amesikia, sasa anataka jina lake liwe la kwanza. Nasieku amemjibu kwamba wa kwanza kusikia ni Mama Resiato.

Lakini sikukuletea habari tamu peke yake. Jino la mbele la Resiato limeota. Lina doa. Aliponiona alicheka, na mkono ukapanda mdomoni wenyewe. Niliujua huo mkono. Nilienda nyuma ya tangi nikapiga ukuta teke mpaka kiatu kikafunguka.

Ya nyuma bado. Kwa hayo ndiyo nakuahidi. Majibu yakitoka, kabla jarida lolote halijayaona, nitasimama Kisaju siku ya soko na kipaza sauti, niyasome kwa Kimaasai na Kiswahili, kisima kimoja kimoja, kwa majina yake. Nitasoma mkono ukiwa chini, meno yote nje, na Resiato atakaa mbele aone. Ikiwa habari ni mbaya nitaisema mbaya.

Pumzika, mwalimu wangu. Mdomo wa mtu umefunguliwa. Nitasema kitu.

Wako,
Saruni, Profesa wa Noonkopir, kama ulivyoniita mwenyewe