Mimi Nikaitika

Kasongo, Ijumaa

Mdogo wangu Djamali,

Salaam nyingi. Mama ni mzima, anauliza kama unakula vizuri. Mbuzi wa shangazi Safia amezaa mapacha. Usinipigie simu, soma tu.

Jumanne nilikuwa uani natwanga majani ya sombe, nikasikia unaniita mimi dada yako, "Yaya!" Karibu kabisa, kama uko nyuma ya jiko. Unajua bibi alivyotukataza: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, utachukuliwa kitu. Mimi nikasahau. Mchi mkononi, nikaitika kwa nguvu, "Niko hapa!" Kuku tu ndio walionitazama.

Jana Kamaldine wa pikipiki alifika kutoka huko Lusangi. Akatuambia shimo la dhahabu liliporomoka Jumanne ukiwa ndani, na umetoka mzima. "Anasema kule gizani alisikia mutu anamujibu, 'Niko hapa.' Akatambaa kufuata ile sauti mpaka akaona mwanga."

Mama alilia. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Tangu Jumanne sina sauti, Djamali, hata ya kunong'ona. Tangawizi haijasaidia.

Silalamiki. Ila ukirudi nyumbani, uje nayo hiyo sauti yangu.

Yaya wako,
Amisa