Jina Moja, Mwandiko Mmoja

Aston, Birmingham
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Je, kifua kimepoa? Na zile dawa za kituo cha afya unazimeza kweli, au unamdanganya Mama kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, na nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana nyumba tunayopanga hapa kuta zake ni nyembamba, na siku hizi sijui nani anasikiliza nini.

Nilishakwambia kuwa namhudumia ajuza mmoja kule Moseley, Bibi Edith, aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki cha kale. Miguu imemwishia nguvu lakini akili bado kali. Vita vya Iraki vikionyeshwa kwenye televisheni husema, "Watu wa Athene nao walipiga kura kwa shangwe kupeleka meli zao vitani Sisilia. Waliorudi ni wachache mno." Wewe uliyefundisha historia miaka yote hiyo ungempenda. Hunieleza jinsi watu wa mji ule walivyobishana sokoni juu ya haki na ukweli, wakatunga michezo ya kuwacheka wakubwa wao. Na bado, baada ya vita virefu na Sparta kuwachosha, walimpigia kura ya kifo mzee mmoja aliyezoea kuwauliza maswali, akanyweshwa sumu. "Ni watu walewale, Wakesho," huniambia.

Siku moja alinisimulia habari za vigae. Wananchi wa Athene walikuwa na njia ya kumfukuza mtu mjini. Kila mmoja alikwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, na aliyetajwa zaidi ya wenzake aliondoka kwa miaka kumi, bila mashtaka, bila kujitetea. Niliipenda sana hadithi hiyo, Baba. Laiti ningeiacha Moseley.

Ushirika wetu wa Kiswahili hukutana kuabudu kila Jumapili kwenye ukumbi wa kukodi. Sisi Wakenya wengi ni wauguzi na watunza wazee, na wenzetu ni familia kutoka mashariki ya Kongo. Mwezi uliopita maafisa wa uhamiaji walikuja asubuhi wakamchukua mama mmoja wa ushirika na binti zake wawili. Walijua mlango, wakajua na majina, kana kwamba kuna aliyewataja. Tangu hapo kila mtu akawa anamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Nikiingia jikoni pale ukumbini, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua na baridi.

Tukamshuku Baba Furaha, Mkongo mmoja mpole ambaye kazi yake ni ukalimani. Mtu alimwona akitoka ofisi ya uhamiaji na faili mkononi. Alipoulizwa, alijibu, "Kazi yangu niliapia. Sisemi nilitafsiri nini, wala ya nani." Jibu hilo likatutia wasiwasi zaidi, hata mimi.

Basi nikiwa nakunywa chai na mwenyekiti wetu, Ndugu Josiah, nikamsimulia vigae vya Athene kama kichekesho. Jumapili iliyofuata akasimama mbele yetu. "Tutapiga kura ya siri," akasema. "Kila mmoja aandike jina la mtu asiyemwamini. Atakayepata zaidi ya nusu ya kura atuachie ushirika wetu." Hakusema wazo limetoka wapi, nami nikanyamaza. Niliandika jina la Baba Furaha, nikakunja karatasi mara nne.

Nikateuliwa kuhesabu pamoja na katibu. Kati ya karatasi ishirini na nane, kumi na saba zilikuwa na jina lake. Lakini kumi kati ya hizo zilikuwa na herufi F yenye mkia mrefu, mkono mmoja, wino mmoja. Bibi Edith alikuwa ameniambia jambo jingine ambalo sikumsimulia Josiah, kwamba lilichimbuliwa rundo la vigae kisimani, vyote vina jina la mtu mmoja, vimeandikwa na mikono michache tu. Yaani vilitayarishwa mapema.

Nikamwonyesha katibu. "Dada, wengine hawajui kuandika," akaninong'oneza. "Waliandikiwa."

Huenda ilikuwa kweli. Nikasimama nikasema, "Walioandikiwa, naomba wanyooshe mikono." Akina mama wazee wawili wakanyoosha. Nikauliza, "Na hizi nane ni za nani?" Josiah akazikusanya karatasi, akasema hesabu imeharibika, tuombe tufunge. Hakunitazama usoni.

Baba Furaha alikuwa ameshainuka. "Mimi nilikimbia kwetu juu jina yangu iliandikwa ku liste ya watu wa kutafutwa," alisema. "Sikuwaza nitaikuta tena ku kanisa." Akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Juzi nilienda kwao, karibu na uwanja wa mpira. Mkewe alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, akanitazama mpaka nikaona haya. Mumewe alipokuja nilimwambia palepale nje, "Niliandika jina lako. Na wazo la kura lilitoka kwangu."

Akaondoa mnyororo. "Ingia, dada. Watu wengi walishapita hapa, kila mtu anaapa si yeye. Wewe ni wa kwanza kusema ndiyo."

Nikamwuliza kama anajua nani aliyewataja yule mama na binti zake. "Sijui," akasema, "na hata ningejua, nisingekuambia." Sitakudanganya, Baba, bado naiwaza ile faili. Pia nauwaza mwandiko wa Josiah, ambao sijapata kuuona. Yule mama na wanawe wangali kizuizini, na hakuna anayejua nani aliwauza, au kama kweli waliuzwa.

Lakini nimemwomba Baba Furaha arudi Jumapili, naye amekubali. Nitaingia naye ukumbini, wote watuone, na kabla ya wimbo wa kwanza nitasimama niwaambie nani aliyeileta kura ile. Nikiwa nimekosea kumwamini, nitalibeba kosa hilo. Lile la kwanza, la kuandika jina lake, limenilemea zaidi.

Nisalimie shangazi wa pale sokoni, kaka na shemeji yangu wa Voi, na mchungaji wetu aliyenibatiza. Mama msomee hadi pale kwenye chai, mengine baki nayo.

Ni mimi binti yako, niombee Jumapili hii,
Wakesho