Sinema ya Mtoto Shahidi

Mke wangu, Mama Hadija,

Salamu zangu zitangulie, zikufikie wewe na Hadija na mama mkwe, na wote watakaokuwa wamekaa barazani kwetu Kitaya siku barua hii itakapofika. Mimi sijambo. Kikohozi cha vumbi la mkonge kimepungua tangu mvua zianze huku Tanga. Ninyi je? Mguu wa mama umepona? Mpunga mmeshapanda kule bondeni, au bado mnagombana na viboko? Hadija anakula? Anatoka nje peke yake? Haya mawili ya mwisho nayauliza kuliko yote.

Bi. Mwalimu, wewe unayemsomea mke wangu barua zangu, Mungu akulipe. Salamu hizo wasomee wote. Yanayofuata nakuomba mwingie ndani, mkae wawili, usome polepole. Mahali penye aibu yangu usiruke.

Kwanza, ile barua niliyotia posta juma lililopita. Kama imefika, ichaneni. Kama haijafika, ikifika msiifungue. Humo nimeandika kwamba Hadija asitoke nyumbani kwangu, kwamba shemeji Issa asithubutu kumpeleka kwake Chuno, kule Mtwara, na kwamba mtoto yule ana baba yake. Niliandika kwa hasira, na hasira hasara. Barua yangu ya kweli ni hii anayokuletea Mkwanda, yule ninayelala naye chumba kimoja hapa kambini. Mkataba wake umekwisha na Alhamisi anapanda meli ya Mtwara. Nimemwapisha asikanyage kwao kabla hajafika kwako.

Uliyoniandikia nayakumbuka neno kwa neno. Uliandika kwamba Hadija alikuwa anaokota korosho nyuma ya ghala la kijiji, akamwona fundi baiskeli akimpiga mlinzi rungu la kichwa. Mzee wa watu amepona lakini hakumbuki kitu. Aliyeona ni mtoto wetu peke yake, na umri wake miaka tisa. Polisi walimkamata fundi, mahakama ikamwachia kwa dhamana mpaka siku ya kesi, na sasa anapita mbele ya nyumba yetu asubuhi na jioni akipiga kengele. Halafu ukaniandikia la kisimani. Kwamba alimkuta Hadija anateka maji, akampa peremende, akamwambia, "Una macho makubwa wewe, mwanangu. Wenye macho makubwa hawafiki mbali." Mtoto akaitupa ile peremende, akakimbia hata ndoo akaiacha.

Chini ya hayo ukaandika kwamba kaka yako Issa amekuja. Kwamba anataka kumchukua Hadija akakae naye Chuno mpaka kesi iishe, kisha asimame naye mahakamani Mtwara. Lakini amesema hatamchukua mpaka baba yake aandike kwamba ameridhia.

Mama Hadija, mtu mwingine angesoma habari ya fundi baiskeli akakosa usingizi. Mimi nilisoma habari ya Issa. Nilikaa na barua yako wiki mbili. Naitoa chini ya mto, naisoma, nairudisha, na kila nikiisoma macho yanakwenda kwenye jina lake. Issa, Issa, Issa. Fundi baiskeli nilimpita kama mtu wa njiani.

Acha nilitoe maana limenikaa kooni miaka mingi. Namwonea wivu kaka yako. Wivu ni kidonda, na mimi changu nimekuwa nakichokonoa kila siku.

Sisemi sijui mila yetu. Mtoto ni wa mjomba, hilo nimezaliwa nikalikuta. Mimi mwenyewe ni mjomba kwa watoto wa dada yangu, nikiingia kwao baba yao ananyanyuka ananipisha kiti, nami nakikalia bila kuuliza. Basi nimegundua mila hii ni tamu kwa anayepishwa kiti, na kwa anayenyanyuka ni shubiri. Issa ndiye aliyempa Hadija jina. Issa ndiye aliyemfundisha kusoma saa. Akianguka, Issa. Aking'oka jino, linapelekwa kwa Issa akalione. Mwaka ule nilipokuja likizo, mtoto akashikwa na homa, mchana kutwa nilikaa kitandani kwake nampepea kwa kawa. Alasiri akafumbua macho, akaita, "Njomba!"

Nikamwambia, "Mimi baba, mwanangu."

Akanitazama vizuri, akasema, "Najua. Njomba yuko wapi?"

Wewe ulicheka siku ile. Mimi nilitoka nje nikajifanya natengeneza ua.

Na lile gauni. Nilizunguka maduka yote ya Tanga Jumapili nzima, nikapata gauni la njano lenye mkanda, nikalituma. Likaja dogo, halimpiti mabegani. Issa akalifumua kwa wembe, akatia kitambaa cheupe ubavuni kwa cherehani yake, nawe ukaniandikia kwa furaha kwamba sasa linamkaa vizuri sana. Siku hiyo ugali ulinishinda. Yeye fundi cherehani, anajua urefu wa mwanangu kwa inchi, na mimi nilimnunulia gauni mtoto yule niliyemwacha, ambaye hayupo tena. Unaniuliza nilipata wapi hasira ya kuandika ile barua? Niliipata humo.

Sasa sikiliza kilichonigeuza. Utacheka, na ucheke.

Jumapili iliyopita Mkwanda alisema anataka kuaga mji. Tukapanda lori la shamba mpaka Tanga mjini, tukaenda sinema. Tulitaka ile ya Kihindi yenye nyimbo, lakini ilikuwa imejaa. Tukaingia ya Kizungu bila kujua ni ya nini. Kumbe ya mahakama, watu wamevaa majoho meusi wanasema kutwa. Mkwanda akaanza kusinzia. Bahati mbele yetu alikaa karani mmoja wa shambani kwetu anayejua Kiingereza, akawa anageuka anatueleza.

Mama Hadija, ilikuwa habari ya mtoto wa kike. Kadogo, labda mwaka mmoja tu zaidi ya wetu. Mama yake alikuwa mpishi katika hoteli. Siku moja yule mtoto amejificha chini ya meza, anacheza, akamwona mwenye hoteli akitia kitu katika kikombe cha mzee mmoja mgeni, na mzee akafa. Basi. Aliyeona ni yeye peke yake. Mwenye hoteli akakamatwa, akaachiwa mpaka siku ya kesi kama fundi wetu, na kuanzia hapo popote mtoto anapokwenda kuna gari jeusi linasimama mbali. Halimfanyi kitu. Linasimama tu. Mkwanda aliyekuwa anasinzia akakaa wima. Mimi kila gari lile likisimama nilikuwa nasikia kengele ya baiskeli.

Ikafika siku ya kesi. Mama mtu mgonjwa, hawezi kuinuka. Mtoto kapandishwa kizimbani peke yake, kidevu hakifiki hata juu ya ubao. Wakili wa mwenye hoteli, mtu mzuri wa sura, anacheka cheka, anamuuliza maswali mpaka mtoto hajui tena kikombe kilikuwa cheupe au cha buluu. Jaji akamwonea huruma, akauliza, "Mtoto huyu amekuja na nani?"

Hakuna aliyesimama.

Nikamgusa karani begani. "Baba yake yuko wapi?"

"Baharia," akasema. "Yuko mbali. Ameleta barua."

Na kweli, wakili wa mtoto akatoa barua, akaisoma. Ukurasa mmoja. Nampenda mwanangu, nitarudi, mambo kama hayo. Jaji akaisikiliza kwa adabu, akaikunja, akaiweka chini ya karatasi zake nyingine, wakaendelea. Mtoto alikuwa bado anaangalia mlangoni. Katika sinema nzima baba mtu hakuonekana hata kivuli. Alikuwa karatasi.

Hapo sijui kilichonipata. Nilijikuta nimesimama katikati ya watu, nimepiga kelele, "Mjomba wake yuko wapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkwanda ananivuta shati, "Kaa chini, unatutia aibu!" Mtu wa nyuma anapiga mluzi.

Karani akageuka, machozi ya kucheka yanamtoka. "Bwana, Wazungu hawana mjomba wa namna hiyo."

"Basi ndiyo maana mtoto wao anawindwa namna hii!" nikamjibu, na sikuwa natania. "Ukoo gani huu, mtoto anapelekwa mahakamani kama ng'ombe wa mnadani, mjomba hayupo?"

Wakazidi kucheka. Nikaona siwezi kukaa, nikatoka. Mkwanda akanifuata analalamika kwamba nimemkosesha mwisho. Tukasimama barabarani nje ya ukumbi. Akaninunulia kahawa, akanitazama ninavyoinywa, halafu akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikusindikiza posta juma lililopita. Ulinisomea barua yako ukitaka nikusifu."

"Nakumbuka."

"Leo mtoto wa Kizungu, wa kwenye turubai, umemtafutia mjomba mpaka umevunja watu mbavu. Wa kwako, aliye na mjomba hai, mwenye miguu miwili, umemnyima. Mimi sielewi. Nieleweshe."

Mkwanda ni mtani wangu, maneno kama hayo anaruhusiwa. Lakini hakucheka alipoyasema. Tulirudi kambini bila kujua kama yule mtoto alipona.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimeisema methali hii maisha yangu yote, nikiwasema watu wengine. Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi nikaomba ruhusa nije mwenyewe. Akakataa. Imebaki miezi minne, na nikiacha kabla ya mkataba kwisha sipakiwi melini kurudishwa kwetu, nitakwama hapa hapa. Kesi haitaningoja. Nimepiga hesabu nikaona kwamba siku zote hizi tangu barua yako ifike, aliyekuwa anamzuia mtoto kuokolewa ni mimi, wala si fundi baiskeli. Yeye anapita na kengele yake, na mimi huku nimemfungia mlango kwa ndani. Kama kuna jambo limempata Hadija katika siku hizi, usiniandikie polepole. Niambie mstari wa kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkwanda akifika usimpikie. Funga nguo za mtoto, mpande lori la korosho la kwanza linalokwenda Mtwara, Mkwanda atakaa kati ya Hadija na mlango. Mpelekeni Chuno mpaka mkononi kwa Issa. Wewe kaa naye huko siku mbili tatu ukiweza. Watu wakiuliza, waambieni amekwenda kushonewa.

Na haya Issa asomewe, Bi. Mwalimu, mwandikie kwenye karatasi nyingine Mama Hadija aende nayo:

Shemeji. Sitakudanganya kwamba ninakupenda. Leo ninavyoandika ningefurahi kama mtoto wangu angekusahau wiki moja tu. Lakini ulikuwa na haki ya kumchukua siku ile ile na hakuna mzee wa kwetu ambaye angekulaumu, nawe ukasema baba yake aandike kwanza. Niliposoma hilo niliona unanidhihaki. Kumbe uliniheshimu, nami heshima yako nikaigeuza kuwa kamba ya kumfunga mtoto. Nisamehe. Mchukue. Usimfundishe la kusema, aseme alichoona basi, hata akitatizwa rangi na saa. Wakili wa upande ule atamchekea, mwambie mapema kwamba mtu anayecheka si lazima awe rafiki. Na siku ya mahakama usikae nyuma. Kaa mahali ambapo akiinua macho akukute wewe kabla hajamkuta fundi baiskeli. Hakimu akiuliza mtoto amekuja na nani, usingoje aulize mara ya pili. Simama. Barua yangu isitajwe wala isionyeshwe.

Mama Hadija, nimemaliza. Nisalimie mama mkwe, mwambie nimekumbuka dawa yake ya mguu, Mkwanda anayo. Salamu kwa dada yangu na wanawe, na baba yao pia, nitakapokuja nitakaa mkekani. Salamu kwa jirani yetu aliyevuka mto kukimbia vita, yule anayekusaidia kutwanga, na kwa mzee mlinzi, Mungu amrudishie nguvu. Mwalimu mwenyewe nampa mkono.

Hadija simwandikii salamu hapa. Mwambie Issa ampe yeye, kwa mdomo wake, kwamba baba anamsalimu. Najua zikitoka kwake mtoto atazipokea kwa furaha zaidi. Imeniuma kuyaandika maneno haya, na nimeyaandika.

Ni mimi mumeo, baba yake Hadija,

Saidi