Masahihisho ya Pembeni

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Hujambo lakini? Mgongo umetulia? Na shemeji, kile kikohozi chake kimemwachia nafasi ya kumaliza sentensi siku hizi? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, watoto wazima, wanakula kama mchwa.

Nimeandika hatujambo kwa sababu barua ina adabu zake. Ukweli ni kwamba nina hofu, Dada. Nina hofu ya macho yangu, na tangu Alhamisi nina hofu ya macho yako pia. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho, usiiache juu ya cherehani ukaja kuikatia kola, kama ulivyoifanya ile ya mwaka jana.

Ngoja kwanza nikupe mazuri, maana nakujua, barua ikianza na mabaya unaikunja na kwenda kupika. Tangu tuhamie chumba hiki, asubuhi zangu zimekuwa tamu. Saa kumi na mbili mlango wa nyuma wa kiwanda unafunguliwa, wanatoa mikate iliyopinda isiyofaa kwenda dukani. Nanunua mmoja kwa bei ya chee, natembea nao kwenda kazini, naula njiani ungali moto, nikiuhamisha mkono huu na huu. Mtu mzima mwenye mke na watoto, natafuna barabarani bila haya. Wifi yako akiniona anajifanya hanijui.

Nikifika kazini kabla ya wenzangu, nakaa dirishani na kuandika. Ndiyo, bado naandika, usinicheke. Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika mashineni, vitu vidogo tu. Fundi kufuli wa mtaa wetu anayezibembeleza kufuli kwa maneno matamu ambayo nasikia mkewe hajawahi kuyasikia. Mama mmoja pale kwenye kivuko cha barabara anayewatengenezea kola watu asiowajua. Vimeshajaa magunia mawili chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuvisoma, na wala siombi visomwe. Ila napenda kujua vipo, na kwamba siku nikitaka naweza kuvitoa nikavisoma mwenyewe.

Sasa nikueleze.

Ilianza kama mwaka mmoja na nusu uliopita, nami nikadhani ni mji ndio uliobadilika. Watu wakawa wanatokea ghafla. Unatembea zako, mara bega la mtu hili hapa! Baiskeli zikawa hazina kengele, milango ikawa myembamba. Nikawa mgomvi, Dada, mimi ambaye mlikuwa mnaniita maji ya mtungini kwa upole. Siku moja nilimvaa mtu wa mkokoteni, nikaanza kumfokea kwa nini hatazami aendako. Akanitazama, akaniambia, "Mzee, hayo ni macho au vifungo?" Watu wakaangua kicheko. Mzee! Miaka arobaini na sita! Kilichoniuma siku ile ni huo uzee, wala la macho sikulifikiria hata kidogo.

Ningelifikiriaje? Macho ndiyo kazi yangu. Unajua tunavyofanya kule kwenye kiwanda cha uchapaji. Yule mwenzangu tunayemwita Bi Sauti anasoma maandishi ya mteja kwa sauti, pamoja na nukta na mkato na aya, nami nafuata kwa kidole kwenye karatasi ya majaribio. Miaka kumi na tisa. Hata nyumbani nimewahi kumwambia mtoto, "Njoo ule mkato uji unapoa nukta." Na herufi bado naziona mpaka leo, hata zile ndogo kama chawa. Ndiyo maana nilijiamini.

Halafu ukaja mwezi wa kwanza. Tulikuwa na kazi ya duka moja la dawa, kile kikaratasi cha maelekezo kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa ya maji ya watoto. Karatasi ya mwisho ya majaribio ilirudi kutoka kwa mfamasia wao. Kazi yangu ni kuangalia kama ameandika masahihisho yoyote, na kama hakuna, natia sahihi, mashine inawashwa. Niliisoma neno kwa neno, mara mbili. Safi. Nikatia sahihi.

Zikachapwa elfu nne. Bahati nzuri, mfamasia mwenyewe alikuja kuzichukua. Akachomoa kikaratasi kimoja akakisoma palepale kaunta. Nikaona uso wake unabadilika. Pembeni mwa ile karatasi ya mwisho, upande wa kulia, alikuwa amekata kijiko kimoja akaandika nusu kijiko kwa watoto wa chini ya mwaka. Kwa wino wa bluu, na mstari chini yake. Meneja akaiweka mbele yangu. Nikageuza kichwa, na kweli, lile neno lilikuwa pale, limekaa, linanitazama. Dada, naapa sikuwa nimeliona. Si kwamba nilipitiwa. Kwangu mimi halikuwepo.

Hakuna mtoto aliyedhurika, zote elfu nne zilichomwa moto. Lakini tangu siku hiyo kila nikimpita mama amebeba mtoto mgongoni, nakikumbuka kile kijiko kimoja. Meneja aliniuliza kama nimeanza kunywa. Nilikubali lawama, nikasema ni uchovu. Mtu anaona afadhali aitwe mlevi kuliko kuambiwa asichotaka kukisikia.

Bi Sauti ndiye aliyenikamata. Wakati wa chai alinikalisha, akaniambia nimtazame yeye puani, nisigeuke. Kisha akaniuliza, "Kaka, kikombe changu kiko wapi?" Nikamwambia sijui, ulikiacha wapi? Akasema, "Nimekishika hapa, karibu na sikio lako." Nikageuka, nikakikuta, mvuke unanipiga shavuni. Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka.

Hata hapo nilikaa wiki tano bila kwenda hospitali. Wewe ungenisema, na haki yako. Nilikuwa naogopa, basi. Nilikuwa najipima mwenyewe njiani, nahesabu nguzo za umeme, nazipata zote, najipongeza. Nilimficha wifi yako. Akiweka glasi pembeni nikaimwaga, namwambia meza imeinama. Mpaka nikaja kuwasha moto chini ya sufuria bila kuona kwamba mtoto wetu mdogo amesimama ubavuni kwangu, mkono wake uko juu ya jiko. Hakuungua. Kesho yake nilikwenda.

Wakanipeleka kwenye mashine moja kama bakuli kubwa jeupe. Unaingiza uso, unatazama katikati, na kila ukiona kanuru kadogo kamewaka unabonyeza kitufe. Nikabonyeza, nikabonyeza, halafu kukawa kimya. Nikangoja. Nikangoja sana. Mwishowe nikamwambia yule dada wa mashine, kwa heshima tu, kwamba nadhani umeme umekatika. Akasema umeme upo, baba, taa zinawaka muda wote huu.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Hata siku tuliyomzika baba sikuogopa hivyo. Nilikaa na uso ndani ya lile bakuli, kidole juu ya kitufe, nikijua kuna vitu vinawaka mbele yangu na mimi sivioni.

Ni presha ya macho. Daktari anasema haiumi, haiwashi, haitoi taarifa. Inaanza kula pembeni, inasogea katikati taratibu, na mwenyewe unaona kawaida mpaka siku huoni kabisa. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kwangu jicho la kulia limeshaliwa nusu. La kushoto lina nafuu. Nimemwambia wifi yako. Hakulia, alikwenda kuisukuma meza ukutani na kuondoa ndoo zote njiani, akarudi akaninunia kwa sababu nilimficha.

Daktari akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kupofuka. Nikamwambia baba, lakini yeye alikuwa mwashi, yalikuwa ni mambo ya chokaa. Sote tulisema chokaa, sivyo? Akatikisa kichwa. Akasema chokaa inaumiza jicho siku hiyohiyo, haisubiri miaka. Ugonjwa huu unatembea katika damu.

Nilirudi nyumbani nikimuwaza baba. Unakumbuka alivyokuwa akijikwaa viatu vyetu mlangoni, na vile tulivyochapwa? Kila siku viatu, kila siku fimbo. Tulidhani ni ukali. Naye maskini alidhani tunamtegea. Hakuna aliyejua, hata yeye.

Na Alhamisi ndipo ilipofika barua yako. Niliisoma hapahapa kitandani, nikifurahi. Unaniambia wajukuu wamekuwa watundu, wanaacha kigoda njiani, umejigonga ugoko mara tatu mwezi huu na umewachapa wote. Unaniambia umejiunguza kiwiko na pasi iliyokuwa ubavuni kwako, ukasema uzee umepiga hodi. Uliandika kwa utani. Dada, furaha yangu iliishia hapo. Niliisoma tena na tena, nikitamani kuwe na neno nililolikosa, litakalonionyesha nimekosea.

Usiwachape watoto. Tafadhali. Nenda kapimwe.

Najua utakachosema. Utasema unatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nakuamini, na mimi nasoma herufi za chawa. Utasema una nguo za watu. Nguo zingoje. Nimemuuliza daktari kama ndugu wa tumbo moja wanaweza kuupata wote. Akasema wanaweza, kisha akaniuliza nina ndugu wangapi. Nikasema mmoja tu. Akaandika kitu kwenye faili langu, sikutaka kujua ni nini.

Kuhusu kazi, meneja ameambiwa ukweli, na nilidhani hapo ndipo nitamwaga unga. Kwa sasa ameniacha, kwa sharti kwamba Bi Sauti naye apitie kila karatasi ya mwisho. Kwa sasa, hilo ndilo neno alilotumia. Nalala nalo na kuamka nalo. Naogopa barabara, naogopa ngazi, naogopa siku nitakayovuta yale magunia nikakuta ni karatasi tu. Mkate bado naununua, lakini siku hizi natembea nikishika ukuta, kwa hiyo naula kwa mkono mmoja.

Hofu hizo zote naweza kuzibeba. Nimeshapoteza mwaka na nusu kwa kugombana na watu wa mikokoteni, na huo haurudi. Wewe sijui umepoteza nini, na hujui wewe pia. Hicho ndicho nisichoweza kukibeba.

Nisalimie shemeji, mwambie ndiye nitakayemdai akikuacha uende peke yako. Nisalimie binti yako mkubwa na wale mapacha. Msalimie Mama Mkubwa, mwambie bado nakumbuka alivyokuwa akinikata kucha. Wifi yako anakusalimu sana, anasema na yeye atakuandikia akishaacha kuninunia. Mungu akulinde, Dada yangu, akuhifadhie mikono yako na kila unachokitazama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Kitinda Mimba.

Nyongeza: Rudi ukurasa wa pili, utazame pembeni upande wa kulia. Nimeandika pale kwa wino mwekundu lile jina la utani la utotoni ulilonikataza kulitamka tangu siku ya harusi yako. Najua hiki si kipimo cha daktari, na hata kama ulilisoma, nenda ukapimwe vilevile. Lakini kama ulifika mpaka hapa bila kuliona, usingoje hata kesho. Na kama uliliona, najua umeshakasirika. Basi jibu lako lianze na matusi, Dada. Sijawahi kutamani kutukanwa nawe kama leo.