Ulimbo Kwenye Sinia Lako, Zaina

Zaina,

Sikusalimii. Nitakusalimia nikimaliza, kama hasira itakuwa imepungua. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Kwamndolwa, paa la nyumba yako naliona juu ya michongoma, na nina mambo ambayo sina mwingine wa kumwambia. Nikianza kuwasimulia majirani habari za ndege, wananitazama kama mtu mwenye homa.

Kaka yako Shabani alikuja kutoka Handeni baada ya arobaini yako. Wazee walimkabidhi funguo, na mimi sikuwa na neno. Hukuacha mume wala mtoto, na yeye ndiye mliyezaliwa tumbo moja. Nilimwomba kitu kimoja tu: aniruhusu niendelee kuingia uani asubuhi kuwawekea ndege chakula. Akacheka. "Ingia tu, dada. Hao ndege wenyewe hawana mwenyewe." Nikamwona mstaarabu. Nikamshukuru, tena kwa mikono miwili!

Unajua mwenyewe yalivyoanza. Mumeo alipofariki ulikosa nguvu hata ya kufagia. Ulikuwa unapepeta mchele, unaziacha chenga palepale chini. Wakaja shomoro. Wakaja pugi na vishingo vyao vya kutikisatikisa. Ndipo ukachukua sinia lako la bati lililotoboka, ukalitundika kwenye mpera kwa kamba za katani, na haukupita muda uani kwako pakawa na kelele kuliko stendi. Mpwa wako wa Dar alipokuletea simu yake ya zamani, ukaifunga kwenye tawi kwa kipande cha khanga, ukabonyeza ianze kurekodi, ukaondoka kwa vidole vya miguu kama mtu aliyeacha mtoto amelala. Jioni tunakaa jamvini, vichwa vimegusana, tunaangalia walichofanya mchana kutwa.

Na mimi, ambaye msimu mzima nashinda Makuyuni kwenye majaruba yangu ya mpunga naamia ndege kwa kombeo na matusi, nilikuwa nikirudi nakaa kwako kuwaangalia ndugu zao wakila bure. Nilikwambia, "Shoga, unawalisha wezi wangu." Ukanijibu, "Wakishiba hapa hawafiki Makuyuni." Uongo mtupu, na wote wawili tulijua ni uongo, lakini tulicheka mpaka chai ikapoa.

Yule kwezi wa mgongo wa kung'aa ulimwita Bwana Harusi, kwa sababu alikuwa anafika wa mwisho na anataka wote wampishe. Wale shore wawili wagomvi uliwapa majina ya mawifi zako, siyataji, bado wako hai. Yule pugi wa mguu mmoja hukumpa jina. Ulisema ni mgeni wako, na mgeni hatungiwi jina la utani. Huyo ndiye aliyefika mahali pa kula chenga kwenye kiganja chako. Picha yake ipo: mkono wako, pete yako, na yeye anadonoa, na pumzi yako inasikika unavyoizuia.

Hapo ndipo ninapokukasirikia wewe.

Kwenye picha za mwisho huizuii tena hiyo pumzi, unahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Nilikuuliza. Ukasema ni vumbi la pumba. Vumbi, Zaina! Uliniangalia machoni ukaniambia vumbi, mpaka siku tulipokupakia kwenye bajaji kwenda hospitali, na daktari akauliza mbona mmechelewa hivi, huku akinitazama mimi. Nilitamani nikuzabe kibao palepale kitandani. Wewe ukaninong'oneza, "Umewawekea?" Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Miaka yote ile, na unaniaga kwa kuulizia shomoro.

Nilikuwa nimewawekea. Niliwawekea siku ile, na siku tuliyokuzika, na kila asubuhi baada ya hapo.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja nimeingia uani na bakuli langu, nikasikia kelele zisizo za kula. Wewe unazijua za kula. Hizi zilikuwa za kulia. Kandokando ya sinia lako lote kulikuwa na vijiti vimepakwa ulimbo, ile gundi ya utomvu ya kunasia ndege, na ndege wamenata mabawa, wanapiga kelele, wananing'inia. Chini ya mpera matundu mawili ya fito yamejaa chiriku mpaka wanakanyagana. Kijana mmoja mwanamume, mtu mzima tu mwenye ndevu, amechuchumaa anawabandua mmoja mmoja na mafuta ya taa. Wanaonunuliwa ni chiriku tu, kwa kuimba kwao, kwa hiyo shore, kwera na shomoro alikuwa anawanyonga na kuwatupa pembeni. Yule mgeni wako wa mguu mmoja alikuwa kwenye fungu hilo.

Na yule mtu, bila ubaya wowote, akaniamkia vizuri kabisa. "Shikamoo mama. Aisee, ndege wa hapa hawaogopi! Wengine wananijia mkononi wenyewe. Sijawahi kupata kazi nyepesi kama hii."

Umesikia? Mkononi wenyewe. Wewe ndiye uliyewafundisha, Zaina. Wewe na mimi.

Sikumbuki bakuli lilikwenda wapi. Nakumbuka nimefungua tundu la kwanza, na la pili nimelipiga teke mlango ukatoka, na chiriku wakaniruka usoni. Yule mtu akanishika mkono. Nikamng'ata. Ndiyo, nimemng'ata, mwanamke mwenye wajukuu. Shabani akatoka ndani na msuli, povu la mswaki mdomoni, akanifokea: "Nyumba ni ya dada yangu, mti ni wa dada yangu, mtega ndege nimemleta mimi. Wewe ni nani kwenye ukoo huu?"

Nililishusha sinia, nikaondoka nalo, ulimbo umenigandisha vidole mpaka kwenye nywele nilipojishika kichwa.

Walinishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaitwa, nikaenda na khanga yangu safi. Mwenyekiti akatusikiliza, akajikuna shingo, akasema, "Bi Hadija, mimi kesi ya shomoro naiandikaje? Mwombe radhi Shabani yaishe. Mwenzako ni mfiwa."

Nikasimama. Nikasema, "Na mimi ni mfiwa."

Nikaona wanatazamana, maana hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Msibani waliwapa mkono mawifi zako, wakampa Shabani, mimi nikaachiwa sufuria za kuosha. Hakuna aliyeniambia pole, Zaina. Hata mmoja. Nilipika pilau ya mazishi yako nikala ukoko nimesimama.

Nilidhani Shabani atafoka tena. Badala yake akainamisha kichwa, akaanza kusema polepole, kama anasema na viatu vyake. "Huyu alikuwa naye kila siku. Mimi Handeni napigiwa simu sikukuu hadi sikukuu. Hata kwamba anaumwa nimeambiwa tayari yuko wodini." Akafuta uso kwa kofia yake.

Kumbe na yeye ulimficha. Nilikasirika upya, sikutaka kumwonea huruma na nikajikuta namwonea. Ulitugawia wote vumbi lilelile.

Sikuomba radhi, na yeye hakuomba. Yule mtega ndege hakurudi tena, sijui ni kwa ajili ya meno yangu au ni Shabani aliyemkataza. Baada ya siku kadhaa Shabani alibisha hodi kwangu na ile simu yako mkononi. Hakujua picha ziko wapi. Akasema tu, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Tulikaa mbali mbali, simu katikati. Ikaja ile ya kunguru amevamia sinia na wewe unatoka jikoni na mwiko, "Toka, jizi wewe, toka!" Shabani akacheka, kisha akaniomba niirudishe, akasikiliza sauti yako mara nyingine, na nyingine. Alipoikaribia ile ya mgeni wako nikaizima simu. Hakuuliza kwa nini. Nafikiri alijua.

Usinielewe vibaya. Sijamsamehe. Akipita namwitikia salamu, na sikukuu nitampelekea sahani, kwa kuwa ni damu yako. Zaidi ya hapo asinidai, wala wewe usinidai.

Sinia nimelisugua kwa majivu na mafuta mpaka ngozi ya vidole ikatoka, nimelitundika kwangu, mbali na nyumba, kule kwenye mstafeli. Mwanzoni hakuja hata mmoja. Sasa wanakuja wachache, shomoro, na kwera mmoja mchafu mchafu. Bwana Harusi sijamwona, na sitaki kukisia.

Nakuahidi hivi, nawe unisikie huko uliko. Nitawawekea kila asubuhi, uhai wangu wote. Lakini sitawazoesha. Nikishamwaga chenga nasubiri watue, wadonoe kidogo, kisha napiga makofi kwa nguvu mpaka wote waruke. Wanarudi, nawapigia tena. Watu wakipita njiani wanasema Hadija ameanza kuchanganyikiwa, analisha na kufukuza. Waseme. Ndege wangu watakula washibe, na hakuna hata mmoja atakayekaa kwenye mkono wa mtu.

Haya, shoga. Asalaam aleikum. Lala salama, nikiendelea nitalia, na hivi sasa sitaki kulia, nataka kubaki na hasira yangu kidogo.

Hadija wako